Tabora na Gharama ya Kujiandaa

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliita watu zaidi ya laki moja kwenye usaili wa kuandika ili kugombea nafasi 1,596. Kipindi hichohicho walimu zaidi ya laki mbili walikuwa wameomba nafasi zisizofika elfu kumi na tano, na safari hii cheti cha ualimu hakikutosha. Baada ya mitihani yote ya chuo walitakiwa kukaa tena kwenye dawati na kusahihishwa upya. Walimu wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, wakadai usaili ufutwe. Mjadala uliofuata, magazetini na bungeni, ulizunguka swali moja: mtihani huu ni wa haki au si wa haki? Swali hilo ni la zamani katika Unyamwezi kuliko wengi wanavyodhani, na historia ya Tabora inaonyesha kwamba tumeliuliza kwa upande mmoja tu. Haki ya mtihani wa kuingilia kazi ya serikali haikuwahi kuamuliwa ndani ya chumba cha mtihani. Iliamuliwa na yule aliyelipia miaka ya kujiandaa. Serikali ilipobeba gharama hiyo, hata mtihani mgumu ulivumilika. Ilipomwachia kila mtu na mfuko wake, hata mtihani unaosahihishwa na kompyuta ulizua manung'uniko.

Kabla ya boma la Mjerumani, Unyamwezi ilikuwa na namna yake ya kumpima mtu anayetaka kazi ya kuaminiwa. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika: mkono mmoja ulikwenda Ujiji, mwingine ulielekea kaskazini, Usukuma na nchi za maziwa, ukipita katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Nzega, iliko kata ya Lusu. Kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa kipimo cha utu uzima, na aliyewahi kwenda na kurudi alisikilizwa barazani. Kirangozi, yule aliyetangulia msafara, hakupewa nafasi hiyo kwa kuwa mtoto wa mtemi. Alipewa kwa sababu alijua maji yako wapi, mtawala yupi hudai hongo kubwa, na ni umbali gani wapagazi wanaweza kwenda na mizigo yao kabla ya kugoma. Ujuzi huo ulichukua miaka. Mvulana alianza kwa kufuatana na jamaa yake, kabeba mkeka na chungu, na alijifunza njia huku akila posho ya msafara uleule. Biashara yenyewe haikuwa ya kusifiwa, maana watumwa walipita njia hiyohiyo ya pembe za ndovu. Lakini katika utaratibu wake wa kuandaa watu, aliyehitaji ujuzi ndiye aliyelisha wanaojifunza, na hilo halikuonekana kuwa jambo la ajabu.

Kazi ya karani ilivunja utaratibu huo. Huwezi kuwa karani kwa kutembea nyuma ya karani. Lazima kwanza ukae mahali miaka kadhaa bila kuzalisha chochote, ufundishwe kusoma, kuandika na kuhesabu. Wajerumani walilijua hilo, wakafungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili wapate makarani, walimu na maakida. Faida ilikwenda kwa walioishi karibu. Ndiyo maana bara kote kazi za kalamu na za uakida zilishikwa mara nyingi na watu wa pwani, na mwenyeji aliyeipeleka kesi yake bomani alikuta mgeni mezani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilipunguza sana umbali wa kwenda pwani, lakini haikupunguza pengo la shule. Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walirithi makarani haohao. Mmoja wao, Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani kule Unguja, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922. Chama hicho kilizaliwa Tanga, si Tabora wala Mwanza, na sababu yake si fumbo: mahali ambapo serikali ya kwanza iliwekeza katika maandalizi ndipo tabaka la kwanza la watumishi lilipoota.

Zamu ya Tabora ilifika mwaka 1925. Gavana Donald Cameron aliingia na sera ya kutawala kupitia watemi, na mwaka huohuo serikali ikafungua shule Tabora kwa ajili ya wana wa watemi na warithi wao. Hapakuwa na mtihani wa maana wa kuingilia, ukoo ulitosha. Wazo lilikuwa kwamba kijana atafundishwa hesabu za kodi, uandishi wa baraza na adabu ya utawala, kisha arudi kwao kukalia kiti cha baba yake. Wazo hilo halikudumu miaka kumi. Warithi wa watemi hawakutosha kujaza madarasa, wengine walikuwa wazito wa masomo, na serikali yenyewe iligundua kwamba inahitaji makarani, walimu na wasaidizi wa hospitali kuliko inavyohitaji warithi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 shule ilikuwa imewafungulia mlango watoto wa watu wa kawaida, na kigezo kikawa ufaulu. Ushahidi mzuri wa mabadiliko hayo ni mtoto wa mtemi. Julius Nyerere alikuwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, kwa hiyo kwa utaratibu wa 1925 angestahili kuingia kwa damu. Alipoingia mwaka 1937, aliingia kwa kufaulu masomo yake ya Mwisenge, Musoma. Mtihani ulikuwa umekula mamlaka ya damu robo karne kabla ya serikali huru kuufuta rasmi utemi mwaka 1963.

Mtihani huo, hata hivyo, ulikuwa ncha tu ya kitu kirefu zaidi. Nyuma yake kulikuwa na bweni, chakula, taa, vitabu, kengele ya asubuhi na mwalimu anayelipwa. Mwanafunzi aliyepenya darasa la nane, kisha la kumi, kisha la kumi na mbili, alipimwa na serikali ileile iliyokuwa imemlisha muda wote huo. Hakuna aliyejiandaa kwa mtihani wa kazi ya serikali kama shughuli ya pembeni. Shule nzima ilikuwa ndiyo maandalizi. Matunda yake yanajulikana. David Kidaha Makwaia wa Usiha akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Abdallah Fundikira alipita Makerere, akafanya kazi ya kilimo serikalini, akawa Mtemi wa Unyanyembe, kisha waziri. Rashidi Kawawa, mtoto asiye wa mtemi, alitoka Tabora akaajiriwa kama karani serikalini, na baada ya miaka michache alikuwa akiongoza chama cha watumishi Waafrika kilichowasumbua waajiri wake.

Mtu anaweza kupinga hapa, na ana haki. Shule ile ilichukua wachache mno. Watoto wengi wa Unyamwezi hawakuwahi hata kuisikia kengele yake. Wasichana hawakuwa na nafasi humo. Waislamu waliobaki nje ya shule za misheni walianza mbio wakiwa nyuma. Kuita utaratibu huo wa haki ni kuwasahau wote walioachwa mlangoni. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linaigusa idadi, haliigusi kanuni. Ubaya wa Tabora ya wakati huo ulikuwa uchache wa vitanda, na dawa ya uchache wa vitanda ni vitanda zaidi. Sisi tumefanya kinyume: tumeondoa kitanda, tukabaki na mtihani, kisha tukajisifu kwamba sasa mlango uko wazi kwa wote.

Upande wa pili wa meza unathibitisha jambo hilohilo. Maofisa Waingereza waliotawala Tabora hawakupata kazi zao za Afrika kwa mtihani wa ushindani. Ralph Furse, aliyesimamia uajiri wa utumishi wa makoloni London kwa miaka mingi, aliwachagua vijana kwa mahojiano na barua za walimu wao, akiangalia tabia, michezo na shule waliyotoka. Mtihani ulikuja baadaye, nao ulikuwa wa Kiswahili na wa sheria. Ofisa mpya alipaswa kufaulu Kiswahili cha daraja la chini ndipo athibitishwe kazini, na kile cha daraja la juu kilimsogeza mbele. Lakini tazama alivyoandaliwa: kuanzia miaka ya 1920 alipitishwa kwanza kwenye kozi Oxford au Cambridge kwa gharama ya serikali, na alipofika kituoni aliendelea kujifunza huku mshahara ukiingia. Kwa hiyo karani Mwafrika alipimwa kwa Kiingereza na ofisa Mwingereza kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, na wote wawili waliandaliwa na mwajiri. Tofauti ya mishahara yao ilikuwa aibu, lakini hilo ni suala jingine.

Uhuru ulipoingia Desemba 1961, raia wa Tanganyika walishika kama robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Kwa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata hapakuwa na haja ya mtihani wa kuingilia kazi, kwa sababu kazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Serikali ilimsomesha kijana bure, ikampa waranti ya treni ya kwenda shule, na alipomaliza chuo ikampangia kituo. Hakuomba, alipangiwa, na wengi walifungwa na mkataba wa kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa. Vijana wa leo wakisikia habari hizo wanadhani zamani watu walipewa kazi bila kupimwa. La hasha. Walipimwa darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita, na kila hatua iliwaacha nje walio wengi. Mtihani ulikuwa mkali vilevile, ila ulikuwa shuleni, na shule ililipiwa.

Katika kipindi hicho Tabora ilitoa mfano mwingine, ambao kwa maoni yangu una mafunzo kuliko hata ile shule maarufu ya wavulana, nao hauzungumzwi kabisa. Ni Chuo cha Uhazili. Nchi nzima ilijua kwamba anayetaka kuwa mhazili wa serikali lazima apite mitihani ya uhazili kwa hatua, na jina la Tabora lilifungamana na kazi hiyo. Sharti lililoandikwa kwenye matangazo ya kazi za serikali kwa miongo, na ambalo limeendelea kuonekana hadi miaka ya karibuni, lilikuwa kavu na la wazi: mwombaji awe amefaulu hatua ya tatu, na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika moja. Mtu ambaye hajawahi kuisikia imla ya hatimkato ikisomwa kwa sauti hawezi kujua maneno 100 kwa dakika ni nini. Msomaji hasimami. Sentensi ya barua ya idara inapita, nambari ya kumbukumbu inapita, na mwanafunzi, penseli mkononi, hana nafasi ya kufikiri tahajia. Mkono lazima ujue alama kabla ya akili kumaliza kusikia neno. Akiteleza kwenye neno moja na kusita, anapoteza manne yanayofuata. Baadaye anakaa mbele ya mashine ya kuchapa na kuyageuza makorokoro yake kuwa barua safi, macho yakiwa kwenye daftari na vidole vikitafuta herufi vyenyewe, huku akijua kwamba barua iliyokamilika kwa wakati lakini imejaa makosa haina thamani. Kasi hiyo haikaririki. Hakuna karatasi ya majibu ya kununua, wala mjomba wa kukuongezea maneno kumi. Inapatikana kwa njia moja tu, yaani saa nyingi za mazoezi, kila siku, kwa miezi, mahali penye mashine na mtu wa kusoma kwa sauti. Wengi waliopita njia hiyo walikuwa wasichana waliomaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea, watu ambao mitihani mingine ilikuwa imewatupa. Chuo kiliwapa kipimo kinachofanana na kazi yenyewe, kikawapa na vifaa vya kukifikia kipimo hicho.

Mfano huo unawajibu pia wale wanaosema mitihani ya ajira hupima kukariri tu. Ipo inayopima kukariri, na inastahili kulaumiwa. Lakini aina ya mtihani haichaguliwi hewani. Hufuata aina ya maandalizi yaliyopo. Serikali iliyokuwa na vyumba vya mashine iliweza kudai maneno 100 kwa dakika. Serikali isiyojua waombaji wake wamejiandaa wapi, wala kwa kitu gani, huishia kuuliza maswali ambayo yeyote anaweza kuyasoma kwenye simu, kisha inatafuta namna ya kuwatenganisha watu elfu kumi waliosoma maswali hayohayo.

Mwanzo wa hali hii unajulikana. Uchumi ulipoyumba, serikali ya miaka ya 1990 ilipunguza watumishi na kuacha kuwapangia kazi wahitimu wengi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ikasisitiza ajira za ushindani, na marekebisho yake ya 2007 yakazaa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Vyuo, wakati huohuo, viliongezeka na kumwaga wahitimu. Juni 2014 taifa zima liliona picha ya matokeo: waombaji zaidi ya elfu kumi wamekaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji. Kisha mwaka 2017 uhakiki uliwaondoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi. Tangu hapo ni vigumu kumshawishi mwajiri kwamba cheti peke yake kinatosha. Mtihani ukapata hoja yake yenye nguvu, nayo si hoja ya kupuuzwa.

Sasa mchukue kijana wa Lusu mwenye diploma. Kata yake imewahi kuwa na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliochimbwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2013, kwa hiyo si mahali pasipopata kitu. Anajaza taarifa zake kwenye Ajira Portal, anapandisha vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, analipia bando, na kusubiri tangazo lenye orodha ndefu ya majina. Likitoka, ana siku chache. Atajiunga na magrupu ya Telegram yanayouza maswali ya nyuma ya kada yake, mengine ya kweli na mengine ya kubuni, atapiga msuli kwa madesa ya mtu asiyemjua, atatafuta nauli na pa kulala. Akifaulu mchujo kuna vitendo au mahojiano, pengine Dodoma, nauli nyingine. Akifaulu yote na nafasi zikaisha, jina lake linabaki kwenye kanzidata. Mwenzake aliyezaliwa Dar es Salaam anafanya mtihani uleule, dakika zilezile, karatasi ileile. Waingereza walifanya hivyo hasa kwa Wahindi: mtihani wa utumishi wa juu wa India uliwekwa wazi kwa wote mwaka 1855, ila hadi 1922 ulifanyika London tu. Ulikuwa wazi kwa kila mwenye nauli ya meli.

Sekretarieti ya Ajira imejitahidi kupunguza mzigo huo wa nauli. Usaili wa walimu ulipelekwa mikoani, na huo ni uungwana. Lakini kupeleka mtihani karibu na mtu bado si kumwandaa. Dai la NETO, la kurudi kwenye foleni ya mwaka wa kuhitimu, linaeleweka kwa mtu aliyesubiri tangu 2015, ila siwezi kuliunga mkono. Kupangiwa kazi kuliwezekana kwa sababu wahitimu walikuwa wachache. Foleni ya watu laki mbili haimpi mwanafunzi mwalimu mzuri. Inampa aliyesubiri zaidi. Wapo pia wanaosema kwamba siku hizi simu imefuta pengo, kila kitu kiko mtandaoni. Wangeulizwa muhtasari rasmi wa mtihani wa kada fulani uko wapi, na nani amesahihisha yale majibu yanayouzwa. Pingamizi zito zaidi ni la fedha: serikali haiwezi kuwalaza na kuwalisha waombaji laki mbili kama ilivyowalaza wanafunzi wa Tabora. Ni kweli, wala hakuna anayeiomba ifanye hivyo. Kuchapisha mihtasari na mitihani ya nyuma pamoja na majibu yake, bure, kwa Kiswahili na Kiingereza, hakuhitaji bweni. Kufungua vyumba vya kusomea na kufanyia mazoezi kwenye kompyuta jioni, katika majengo ya umma ambayo tayari yana umeme, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Majengo hayo yapo. Chuo cha Uhazili Tabora leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na mgodi wa Lusu ulipofungwa, eneo lake lilikabidhiwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya madini. Wizara yenye dhamana ya utumishi ianze na sehemu hizo mbili kabla ya tangazo lijalo la ajira.